Kidonda Cheusi cha Fundi Viatu

Wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, nyumba ya Fundi Soli iligeuka mzinga wa nyuki. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Nyundo iligonga tangu asubuhi. Cherehani ya ngozi ilinguruma. Gundi ilinukia hadi barabarani. Mke wa Fundi alikata ngozi na kuzishona, naye Fundi alitia soli. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, shule nzima ilikuwa imewaagiza wao viatu: jozi mia moja na ishirini.

"Jozi ya sitini hiyo!" mkewe alitangaza kama mtangazaji wa mpira.

"Punguza sauti, mama watoto. Utazitia kijicho."

"Ni wewe uliyesema Ijumaa tutafika sitini. Leo ni Ijumaa. Kijicho kiko wapi?"

Fundi alicheka akiwa ameshika misumari mitano kwa midomo. Hakuna aliyejua anawezaje kucheka bila kuimeza.

Jioni hiyo alivua viatu vyake. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imelowa damu. Mkewe akageuza kiatu. Msumari mdogo wa viatu ulikuwa umepenya soli, ukaingia chini ya kidole gumba.

"Mganga hajigangi," mkewe alisema. "Fundi viatu mzima, kiatu chake kina tundu! Umekanyaga huu msumari saa ngapi?"

"Sijui."

"Msumari uko mguuni, nawe hujui?"

"Sikusikia kitu. Mguu wa fundi ni mgumu kama mbao."

Alisema hivyo kwa kujisifu. Kumbe mguu usiosikia msumari ni mguu mgonjwa. Lakini siku hiyo hakuna aliyelifikiria jambo hilo. Jozi sitini nyingine zilikuwa zinangoja.

Fundi alijitibu mwenyewe kwa njia aliyoijua. Ngozi ya ng'ombe hutiwa chumvi. Huanikwa juani. Ikikauka inakuwa imara, na haiozi tena. Basi naye alifanya vivyo hivyo. Kila mchana alinyunyiza chumvi kwenye kidonda, akaweka mguu juani mlangoni, akaendelea kugonga nyundo. Mwokaji mikate asingefanya kosa hilo, wala mshona nguo asingelifanya. Lilikuwa kosa la mtu aliyeishi miaka thelathini na ngozi zilizokufa, akadhani iliyo hai nayo ni hivyo hivyo.

Siku ya kumi kidonda kilikuwa na gamba jeusi, gumu na kavu. Fundi aliligonga kwa mpini wa kisu.

"Ko, ko, ko! Sikia, mama watoto! Soli halisi hiyo. Hata mvua haipenyi."

Mkewe alicheka. Kisha akatazama pembeni mwa gamba lile. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba. Alitaka kusema neno, lakini mteja akabisha hodi.

Aliyegundua ni shemeji yake Fundi, mdogo wa mkewe. Huyu alikuwa muuguzi katika hospitali iliyo karibu, kwenye chumba cha vidonda. Mchana mmoja alikuja kupimwa viatu vya kazini.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, shemeji, karibu! Lete huo mguu tuupime. Nasikia umenenepa mpaka vidole."

Muuguzi hakuingia. Alisimama mlangoni na kuvuta pumzi.

"Dada, humu ndani mna kitu kilichokufa."

"Mna ngozi za ng'ombe kumi na wawili," Fundi alijibu. "Wote wamekufa. Wangekuwa hai, hapa pangekuwa zizi."

Muuguzi hakucheka. "Harufu ya ngozi naijua. Ya gundi naijua. Kuna ya tatu. Hiyo nakutana nayo kazini kila siku. Nani ana kidonda?"

Mke wa Fundi alinyoosha kidole kumwelekea mumewe. Fundi akatoa mguu bila wasiwasi, kama mtu anayeonyesha kazi nzuri.

"Tazama. Kimekauka chenyewe, bila hospitali."

Muuguzi alinawa mikono, akavaa glavu kutoka kwenye mkoba wake. Alibonyeza pembeni mwa gamba jeusi. Usaha ukatoka.

"Unaumia?"

"Hata kidogo!"

"Hilo ndilo linalonitisha, shemeji. Ungepiga kelele ningefurahi."

"Lakini kimekauka. Kidonda kikikauka si kimepona?"

"Kilichokauka ni kifuniko. Chini yake sufuria inachemka. Gamba hili ni nyama iliyokufa. Ngozi ya ng'ombe hukauka ikakaa, kwa sababu ng'ombe mwenyewe hayupo. Wewe bado upo, shemeji."

Muuguzi akamgeukia dada yake.

"Anakunywa maji sana siku hizi?"

"Mtungi haufiki asubuhi. Na usiku anaamka kukojoa mara nne."

"Inawezekana ana kisukari. Kisukari kikikaa mwilini bila kutibiwa, miguu hupoteza hisia. Mtu anachomwa asijue. Nyanyukeni, twende hospitali."

Hapo Fundi alikunja uso. Neno hospitali lilimkumbusha mpaka rangi mmoja wa mtaani. Mtu yule aliingia hospitali na miguu miwili, akatoka na gongo.

"Watakata mguu wangu. Siendi. Fundi bila mguu ni nani? Nitasukumaje cherehani?"

"Mpaka rangi yule nilimhudumia mimi," muuguzi alisema. "Alikuja mwezi wa tatu wa kidonda. Mfupa ulikuwa umeshaoza. Kilichokata mguu wake ni kuchelewa. Kisu kilimalizia tu."

"Basi nipe wiki moja. Nimebakiza jozi thelathini."

"Sikupi hata siku moja. Nipe kalamu yako ya kuchoria ngozi."

Fundi akampa. Muuguzi alichora mstari kuuzunguka wekundu wote, mpaka juu kidogo ya kifundo cha mguu. Akaandika saa pembeni: saa saba mchana.

"Wewe ni mtu wa vipimo," alisema. "Huo mstari ndio kipimo chako. Sasa vaa shati."

Walifika hospitali, wakapanga foleni. Saa kumi daktari aliwaita. Fundi alikunja suruali, akautazama mguu. Wekundu ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa kidole kimoja.

"Shemeji! Umevuka!"

"Nimeona."

"Kwa saa tatu tu?"

"Kwa saa tatu tu. Wiki uliyoniomba ina saa ngapi?"

Kuanzia hapo Fundi hakutaja tena jozi thelathini. Alitaka jambo moja tu: atoke mle akiwa na mguu wake.

Daktari alikuwa kijana mtulivu, mwenye mikono ya haraka. Alitoboa ncha ya kidole cha Fundi kupata tone la damu. Kipimo kikaonyesha sukari iko juu sana. Kisha akagusa mguu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, akisikiliza kwa vidole.

"Unatafuta nini?" Fundi aliuliza.

"Mapigo. Nataka kujua kama damu inafika huku chini. Na inafika! Hiyo ni habari njema sana. Isingefika, nisingethubutu kukata kabla ya kushughulikia mishipa ya damu kwanza."

"Kukata!" Fundi alishika kiti kwa mikono miwili.

"Nyama iliyokufa tu. Mzee, kazi yako ni nini?"

"Fundi viatu."

"Vizuri. Akija mteja na kiatu kilichooza pembeni, unashona kiraka juu ya pale palipooza?"

"Hakishiki!" Fundi alijibu upesi, kama aliyetukanwa. "Uzi unachana. Unakata kilichooza chote mpaka ufike kwenye ngozi nzima. Ndipo unashona."

"Basi umeshaieleza kazi yangu. Nyama iliyokufa haina damu. Dawa husafiri kwa damu, kwa hiyo haifiki humo. Vijidudu wamo humo wanakula na kulala bure. Na nyama mpya haiwezi kuota juu ya iliyokufa. Nikiiondoa, dawa itafika, na mwili utaanza kujenga."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama mdogo wake. Muuguzi akatikisa kichwa kukubali.

Picha ya mfupa ilipigwa. Mfupa ulikuwa mzima. Fundi alichomwa sindano ya kuzuia pepopunda. Akapewa dawa za kuua vijidudu, na insulini ya kushusha sukari. Kisha akaletewa karatasi atie sahihi.

"Soma kwanza," daktari alimwambia.

Fundi aliweka kidole chini ya maneno, akasoma kwa sauti, neno kwa neno. "Kuondoa nyama iliyokufa kwa upasuaji. Unyayo wa mguu wa kulia." Akasoma tena. Akageuza karatasi, akaangalia na nyuma. "Kukata mguu hakumo."

"Hakumo. Na nikikuta ndani hali mbaya kuliko ilivyoonekana, nitasimama na kukueleza. Sifanyi jambo ambalo halikuandikwa hapa."

Fundi akatia sahihi.

Alichomwa sindano ya ganzi. Kisha akaomba jambo ambalo wagonjwa wengi hawaombi.

"Nataka kuona."

"Utaweza?"

"Daktari, nimekata ngozi miaka thelathini. Nitaona kama unajua kushika kisu."

Muuguzi alicheka nyuma ya barakoa. Wakainua kichwa cha kitanda, wakageuza mguu kando. Daktari alichukua kibanio kwa mkono wa kushoto na kisu kwa mkono wa kulia.

"Kisu kidogo hivyo?" Fundi alishangaa. "Unakinoa kwa kitu gani?"

"Hatunoi. Kinatumika mara moja, kisha kinatupwa."

"Mara moja? Kisu kama hicho? Ee, shemeji, mngeniambia ningeokota!"

"Tulia, shemeji, usimchekeshe daktari."

Daktari alishika ukingo wa gamba jeusi, akaanza kulikata taratibu. Gamba liliachia kama soli inayobanduliwa. Hakuna damu iliyotoka. Chini yake palikuwa na nyama ya kijivu na njano, laini, imelowa. Harufu ikajaa chumba. Hicho ndicho Fundi alichokuwa akikigonga kwa mpini na kukisifia.

Daktari aliendelea. Alikata kipande, akakiweka kwenye bakuli. Akakata kingine. Hakuwa na papara, lakini hakuna mkato hata mmoja uliopotea bure. Hofu ya Fundi ikaanza kupungua. Macho yake ya ufundi yakaamka.

"Hapo pembeni, daktari! Kuna mfuko unaingia ndani!"

"Naona. Una macho makali, mzee." Daktari akaufungua mfuko ule. Usaha ukatoka wote.

"Laza kisu kidogo, usichimbe."

"Nimelaza."

"Naam! Hivyo hivyo! Huyu kijana fundi!"

Ghafla vitone vyekundu vikatokea, kimoja baada ya kingine, kwenye sakafu ya kidonda. Fundi alishtuka kitandani.

"Damu! Umekosea! Umekata pazima!"

"Sijakosea," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilichangamka. "Hapa ndipo nilipokuwa napatafuta! Nyama iliyokufa haitoi damu. Hii imetoa. Ni hai. Sasa nasimama."

Alikandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikakoma. Akaosha kidonda kwa maji maalumu, akafunga bandeji. Kazi yote haikuchukua hata nusu saa. Fundi aliinua shingo, akahesabu vidole vyake.

"Vitano!" alipiga kelele. "Mama watoto! Vipo vitano!"

Mkewe alikuwa kwenye benchi nje. Alisikia. Waliokuwa kwenye foleni nao walisikia, na mtu mmoja asiyemjua Fundi wala mkewe akapiga makofi.

Fundi alilazwa siku tano. Siku ya pili bandeji ilifunguliwa, na mkewe alikuwepo. Alipoona kidonda, alishika kiuno.

"Haya, mdogo wangu, nieleze. Nimewaletea kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha chupa. Mnanirudishia cha ukubwa wa yai! Hayo ndiyo matibabu?"

"Dada, kilikuwa cha ukubwa wa yai tangu zamani. Kilijificha chini ya gamba. Sasa tunakiona chote. Tazama rangi yake."

Mkewe aliinama. Kidonda kilikuwa chekundu, kama nyama mbichi.

"Wekundu huo ndio uhai," muuguzi alisema. "Kisitiwe chumvi. Kisianikwe juani. Nyama mpya inataka unyevu kidogo na usafi. Tunakifunika, na tunakibadilishia bandeji kwa ratiba. Na kila wiki tunakipima."

Alichukua rula ya karatasi. "Sentimita tano kwa nne."

"Andika, mama watoto!" Fundi alisema. "Tano kwa nne!"

Mkewe alirudi nyumbani, akaandika kwa chaki kwenye ukuta wa karakana. Wiki iliyofuata aliandika nne na nusu kwa tatu na nusu. Majirani wakazoea kupita dirishani. "Matokeo ya wiki hii?" wangeuliza. "Kidonda kimefungwa ngapi?" Kinyozi wa jirani alikuwa shabiki mkubwa kuliko wote. Kila Jumatatu aliacha wembe kichwani mwa mteja, akaja kusoma ukuta.

Kuhusu viatu, mke wa Fundi alikwenda mwenyewe shuleni, akaeleza ukweli. Mwalimu mkuu alikubali kungoja jozi thelathini za mwisho kwa wiki mbili. Mke wa Fundi akazitia soli yeye. Fundi alikuwa amekatazwa kukanyagia mguu wa kulia. Alikaa kitini, akatoa amri ambazo mkewe hakuzifuata.

Wiki ya nne namba ziligoma. Tatu kwa tatu, na wiki iliyofuata tatu kwa tatu tena. Ndani ya kidonda palikuwa na utando wa njano. Muuguzi alisema ni nyama nyingine iliyokufa, na kwamba ni jambo la kawaida; mara nyingi kazi haimaliziki kwa siku moja. Daktari angeiondoa Alhamisi.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Fundi aliwaza. Alikuwa ameona kazi yote kwa macho yake. Mkono wake haukutetemeka. Kisu chake kilikuwa kikali kuliko cha mtu yeyote mtaani. Kwa nini angoje siku mbili?

Mkewe alirudi kutoka dukani, akakuta sufuria jikoni inachemka. Ndani yake hamkuwa na chakula. Mlikuwa na kisu cha ngozi.

"Baba watoto, unapika nini?"

"Nakichemsha. Kimeshakuwa safi sasa." Fundi alikuwa amekwisha kufungua bandeji, kioo kidogo kimeegemezwa kwenye kalibu ya mbao ya kutengenezea viatu ili aone unyayo wake. "Kuna uzi mweupe hapa katikati. Umekufa. Nauondoa huo tu."

"Weka mikono yako mezani."

"Mama watoto, ni dakika moja."

"Weka mikono mezani, au nitapiga yowe, mtaa mzima uje ukuone na kioo chako!"

Fundi alimjua mkewe. Angepiga kweli. Akaweka mikono mezani. Mkewe akafunika kidonda kwa bandeji safi, akampigia simu mdogo wake. Muuguzi alifika akiwa bado amevaa sare ya kazi. Alikitazama kidonda, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Huo uzi mweupe ndio uliotaka kuukata?"

"Ndiyo. Si umekufa?"

"Kunja kidole gumba."

Fundi alikunja kidole. Kwenye kioo, uzi mweupe ukateleza. Alikunjua. Ukarudi.

"Hiyo ni kano," muuguzi alisema. "Ndiyo inayovuta kidole chako. Ungeikata, kidole kisingekunjika tena maisha yako yote. Na usingesikia maumivu ya kukuonya. Karibu yake pana mshipa wa damu. Ungeukata huo, ungeuzuiaje? Kwa gundi?"

"Nilidhani kila cheupe na cha njano kimekufa."

"Hata mimi, kuna siku sina hakika, namwita daktari. Wewe unaijua ngozi, shemeji, hakuna anayebisha. Daktari amesomea kilichoko chini ya ngozi."

Fundi alikunja kidole gumba tena, na tena, kama mtoto aliyepewa kitu kipya.

Alhamisi daktari aliondoa utando wa njano kwa dakika kumi. Kano akaiacha salama. Kisha akasema, "Mzee, tatizo lako jingine ni uzito. Kila ukikanyaga, unaiponda nyama mpya. Magongo huyatumii vizuri."

"Yananiumiza kwapa."

"Basi unahitaji kiatu ambacho hakigusi kidonda."

Fundi alinyanyua kichwa. Wiki tano alikuwa amekaa kama mzigo. Sasa macho yaliwaka.

"Rudia hapo."

"Kiatu kipana, chenye soli nene na laini. Chini ya kidonda pawe na shimo, ili uzito ubebwe na sehemu nyingine za unyayo."

"Karatasi! Mama watoto, kalamu! Shemeji, sogea, unaniziba mwanga!"

Kiatu cha kwanza kilikuwa tayari baada ya siku mbili. Mtaalamu wa viungo hospitalini alipitisha kidole ndani, akakirudisha. "Ukingo wa shimo ni mkali. Utaleta kidonda kipya."

"Mimi?" Fundi alifoka njiani kurudi nyumbani. "Mimi nirudishiwe kiatu?"

"Wewe," mkewe alisema. "Na tena umerudishiwa kwa adabu."

Cha pili kilikubaliwa. Fundi alitembea nacho kidogo kidogo, kwa idhini, akisaidiwa na magongo. Sindano zake za insulini alijichoma kila siku, na vyakula vyenye sukari aliviacha. Namba zikaanza kukimbia. Mbili na nusu kwa mbili. Mbili kwa moja na nusu. Moja kwa nusu. Kinyozi alisema tangu azaliwe hajaona ligi tamu kama hiyo. Hospitali nayo ilimwomba Fundi atengeneze viatu kama vile kwa wagonjwa wengine watatu. Yeye na mtaalamu wa viungo waligombana juu ya kila ukingo, na kila kiatu kilitoka kizuri kuliko kilichotangulia.

Wiki ya kumi na tatu muuguzi alifungua bandeji, akachukua rula. Akairudisha mfukoni.

"Vipi?" Fundi aliuliza. "Pima."

"Sina cha kupima."

"Sema namba, shemeji!"

"Sifuri kwa sifuri."

Mke wa Fundi alipiga vigelegele, hapo hapo ndani ya chumba cha vidonda. Daktari alichungulia mlangoni. Muuguzi alijaribu kumnyamazisha dada yake, akashindwa, kisha naye akapiga. Fundi alitazama unyayo wake kwenye kioo. Palikuwa na kovu la waridi, jembamba, laini. Vidole vilikuwa vitano, na cha gumba kilikunjika.

"Sasa sikilizeni," muuguzi alisema walipotulia. "Kidonda kimefunga. Kisukari bado kipo, na hisia za miguu hazijarudi. Kila jioni osheni miguu, ikausheni mpaka katikati ya vidole, muiangalie. Kabla ya kuvaa kiatu, tia mkono ndani. Ukiona jeraha, lengelenge au wekundu, uje siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi."

Jioni hiyo Fundi alikaa kitini kama mshindi.

"Lete mguu," mkewe alimwambia.

Fundi alinyoosha mguu wa kulia.

"Huo nimeuona hospitali. Lete wa pili."

"Wa pili una nini? Haujawahi kuniuma."

"Hata huu haukukuuma," mkewe alisema.

Fundi akanyoosha mguu wa kushoto. Mkewe aliugeuzia kwenye taa. Kando ya kidole cha mwisho palikuwa na doa jekundu, ukubwa wa punje ya mahindi, na palikuwa na joto. Fundi alipoguswa hapo hakusikia lolote.

Asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Muuguzi aliangalia doa, kisha akaangalia ndara aliyokuwa akivaa mguu wa kushoto. Kwa wiki kumi na tatu mguu huo ndio uliobeba mwili wote, na mkanda wa ndara ulikuwa unasugua pale pale. Fundi aliung'oa mkanda mbele yake. Mchana ule aliushona upya, mbali kwa upana wa vidole viwili. Siku ya nne doa lilikuwa limetoweka. Hakukuwa na sindano ya ganzi, wala bandeji, wala namba ukutani.

Tangu hapo, kila jioni, mkewe huishika miguu yote miwili na kuikagua. Fundi hupiga kelele kwamba anatekenywa. Mkewe anajua hasikii kitu. Humwacha apige kelele, na hageuzi macho mpaka amemaliza kidole cha kumi.